Mwongozo kamili: kuhifadhi mbegu za nyasi za asili zikae miaka bila kufa

Malalamiko huwa yaleyale. Mtu kavuna mbegu za nyasi za malisho mwezi wa saba, kazijaza kwenye kiroba, kakitundika stoo chini ya bati. Vuli inaponyesha anazimwaga shambani, haioti hata moja ya kujivunia. Zilizobaki anazijaribu mwaka wa pili, nazo kimya. Mwisho anasema mbegu za porini hazitunziki.

Zinatunzika, tena kwa makumi ya miaka. Tatizo ni kwamba ndani ya kiroba kile kuna mbegu za aina tatu ambazo kwa macho zinafanana: zilizo tupu, zilizolala na zilizokufa. Tupu haikuwahi kuwa na punje. Iliyolala ni nzima ila muda wake wa kuota haujafika. Iliyokufa imeuawa na unyevu na joto baada ya wewe kuichuma. Mwongozo huu unafuata mbegu kutoka kwenye suke hadi friza, na kila hatua inalenga mojawapo ya hizo tatu.

Nimeuandika kwa nyasi za nyanda kavu za kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus (Wakamba wa Makueni huziita ndata kivumbu, mbeetua na nguu), pamoja na Themeda triandra, zile nyasi zinazogeuka nyekundu Serengeti mvua zikikatika. Mbegu zote hizi zinavumilia kukaushwa sana. Usijaribu haya kwa mbegu za mwembe au mzambarau. Zenyewe ukizikausha zinakufa.

## Amua kwanza: za msimu au za miaka?

Swali hili wengi huliruka, na ndilo linaloamua kila kitu kingine.

Nyasi nyingi za porini zikichumwa huwa bado zimelala. Cenchrus, Eragrostis superba na Enteropogon huhitaji kukaa kavu kwenye joto la kawaida la nyumba kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita hadi mwaka, ndipo ziote vizuri. Themeda nayo inaweza kulala hadi mwaka. Kwa hiyo mbegu uliyochuma Julai ukaipanda Novemba ina miezi minne tu. Nyingi bado zimelala, na wewe umeshazihukumu kuwa mbovu. Mbegu za Julai mwaka huu zipande vuli ya mwakani.

Baridi ya friza inasimamisha uzee wa mbegu, lakini inasimamisha pia huko kuamka. Mbegu iliyochumwa karibuni, hata ikikaushwa vizuri, ukiiweka friza leo, ukaitoa baada ya miaka mitano, utaikuta imelala vilevile. Hivyo gawa mavuno yako mafungu mawili:

- Fungu la kupanda: likaushwe vizuri, likae ndani ya nyumba mahali pakavu penye ubaridi, lisiingie friza.
- Fungu la akiba: likaushwe sana, lifungwe lisipitishe hewa, liende friza.

## Vifaa

- Mifuko ya kitambaa au ya khaki ya kuchumia. Plastiki hapana; mbegu zinatoka jasho na kuchemka humo.
- Turubai au shuka, na kichanja cha kuanikia.
- Wembe, kibao na lenzi ya mkono.
- Ungo, na chekecheo mbili za matundu tofauti.
- Chupa za glasi za mdomo mpana zenye mfuniko wa mpira. Za jamu zinafaa kama mpira wa mfuniko haujachakaa.
- Chembe za silika, zile zinazonyonya unyevu na kubadilika rangi zikilowa. Nunua za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani. Za bluu zinazogeuka waridi hutiwa kobalti, ambayo ni sumu.
- Kipima unyevu wa hewa cha dijitali, kidogo kiasi cha kuingia ndani ya chupa.
- Chumvi ya mezani, penseli, karatasi ngumu, taulo za karatasi na sahani zenye vifuniko.
- Friza ya kawaida ya nyumbani, yako au ya jirani unayemwamini.

Kama silika haipatikani, mkaa uliovunjwa vipande vidogo na kukaushwa kwenye oveni ya moto mdogo unaweza kufanya kazi hiyo. Utahitaji mwingi zaidi, karibu kilo tatu kwa kila kilo ya mbegu. Uache upoe kabisa ndani ya debe lililofungwa kabla ya kuutumia, maana kipande kimoja chenye kaa hai kinatosha kuchoma stoo nzima.

## Hatua ya 1: Kata mbegu kabla ya kuchuma

Anza na wembe. Chukua vishungi 50 (vile vifurushi vya maganda vinavyobeba punje kwenye suke) kutoka mashina tofauti, viweke kwenye kibao, kata kimoja kimoja na uangalie kwa lenzi. Punje iliyojaa ni ngumu na ndani ni nyeupe ya unga. Kishungi kitupu kina maganda tu, na ukikibonyeza kwa ukucha kinalala bapa bila kukinza.

Andika idadi. Vyenye punje vikiwa chini ya nusu, ama subiri ama tafuta eneo lingine, la sivyo utabeba magunia ya makapi. Nyasi za porini zina tabia hii hasa mvua zikikatika ghafla wakati wa kutoa maua, na Themeda inaongoza.

Namba hiyo itakuokoa baadaye. Ukipanda vishungi 100, na wembe ulikuonyesha 40 tu ndivyo vyenye punje, kisha vikaota 30, uotaji wako ni asilimia 75. Asiyekata angeandika 30 na kuzimwaga.

## Hatua ya 2: Chuma zilizoiva tu

Wakati wake kwa kawaida ni Juni na Julai baada ya masika, na tena Januari na Februari baada ya vuli. Lakini kalenda haiivishi mbegu, kwa hiyo jaribu kwa mkono. Shika suke la Cenchrus kati ya kidole gumba na cha shahada, uvute polepole kuelekea juu. Zilizoiva zinabaki mkononi mwako bila kulazimishwa na kuacha ubua mtupu. Zikigoma, rudi baada ya siku chache. Suke moja huiva kwa zamu, kwa hiyo kupita mara mbili au tatu ni kawaida.

Usifyeke kwa mundu. Mundu unachukua mbivu na mbichi pamoja, na mbegu iliyochumwa kabla ya kukomaa haidumu hata ukiikausha kwa ustadi gani.

Anza umande ukishakauka, mnamo saa nne asubuhi. Chuma kutoka mashina yasiyopungua 50 yaliyotawanyika eneo zima. Nia ni kuhifadhi kizazi chenye mchanganyiko. Shina moja lililojaliwa halitoshi. Usichukue zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo, zilizobaki ni za ardhi yenyewe. Ongea na uongozi wa kijiji kwanza, na ndani ya hifadhi usiguse bila kibali.

Tahadhari kubwa: kagua magugu. Arusha na sehemu nyingi za Kenya gugu karoti (Parthenium) limeshaingia malishoni, na mbegu zake ni ndogo sana, zinapenya kwenye vishungi bila kuonekana. Likiwa limesimama eneo unalochuma, hama. Kuna watu wamelipeleka kwenye malisho mapya kwa mikono yao wenyewe, wakidhani wanapanda nyasi.

## Hatua ya 3: Anika kivulini

Siku hiyohiyo tandaza mbegu kwenye turubai juu ya kichanja, kivulini penye upepo, unene usizidi sentimita mbili. Zigeuze mara kadhaa kwa siku. Mbegu mbichi iliyolundikwa hupumua, hutoa joto, na usiku mmoja tu ndani ya gunia unatosha kuianzishia ukungu.

Kwa nini kivuli? Mbegu yenye maji mengi ikipata joto la kupita nyuzi 40 hivi inaumia, na saruji au bati la saa saba mchana hupita hapo kwa urahisi. Ngozi yako inaweza kukuongoza: pakikuunguza kiganja, hapafai kwa mbegu.

Jioni ingiza kila kitu ndani, au funika kabisa. Hili ndilo linalopuuzwa zaidi. Mbegu hunywa unyevu wa hewa kama inavyoutoa, kwa hiyo iliyokauka mchana kutwa ikilala nje inarudisha usiku kile ilichopoteza. Wiki inapita, mtu anaamini ameanika siku saba, kumbe anacheza palepale.

Wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam wajue kwamba hewa ya pwani haitawakaushia mbegu kiasi cha kutosha hata waanike mwezi mzima. Wakishaondoa maji ya wazi, waende moja kwa moja kwenye silika.

Ili kujua kama umefika, tumia chumvi. Ikaushe kwanza kwenye oveni au kikaangio, ipoe. Weka vijiko vichache ndani ya chupa kavu, ongeza mbegu kiasi kama hicho, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za glasi, unyevu wa mbegu bado uko juu ya asilimia 15 au hivi, anika tena. Ikianguka chini yote, songa mbele. Mbegu ulizozipima na chumvi tupa, na usidhani kipimo hiki kinatosha kwa friza. Kinakuambia tu kwamba hazitaoza wiki hii.

## Hatua ya 4: Safisha kidogo

Pepeta, chekecha, ondoa vijiti na wadudu. Themeda isugue taratibu kwenye gunia ili mikia yake mirefu ikatike, maana inajisokota na kufungana mpaka huwezi kuipima wala kuigawa.

Usikoboe. Maganda yanalinda punje, na punje iliyochubuka huzeeka mapema.

## Hatua ya 5: Kausha kwa silika

Hapa ndipo mbegu ya mwaka mmoja inapogeuka kuwa ya miaka mingi. Mtaalamu wa mbegu Harrington aliacha kanuni mbili za mkono ambazo bado zinafundishwa: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, umri wake unakuwa mara mbili, na kila unaposhusha joto kwa nyuzi 5, umri unakuwa mara mbili tena. Ni makadirio, na ya unyevu inafanya kazi kati ya asilimia 14 na 5 hivi. Hata hivyo piga hesabu. Mbegu yenye unyevu wa asilimia 12 ikae stoo ya nyuzi 30. Nyingine ikaushwe hadi asilimia 7, ikae chumba cha nyuzi 20. Unyevu umezidisha umri mara 32, joto mara 4. Jumla ni mara 128, na friza bado hujaigusa.

Angalia pia mgawanyo wake: sehemu kubwa imetoka kwenye ukavu, na ukavu ni wa bei nafuu kuliko umeme.

Utaratibu ni huu:

1. Pima mbegu na silika uzito sawa.
2. Weka silika chini ya chupa, juu yake mbegu ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi. Zisichanganyike.
3. Funga, weka mahali penye ubaridi wa kawaida.
4. Silika ikigeuka kijani, toa, weka nyingine kavu. Endelea mpaka iache kubadilika.

Silika iliyolowa haitupwi. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 100 hadi 120 mpaka rangi ya chungwa irudi. Ukiichoma kwenye sufuria juu ya moto mkali inakuwa nyeusi, na hapo imekwisha.

Fungu la kupanda halihitaji kufika huku. Likikauka kupita kiasi kuamka kwake kunachelewa. Liishie pale hewa ya ndani ya chupa inaposoma kati ya asilimia 30 na 50.

## Hatua ya 6: Pima kwa kipima unyevu

Jaza chupa mbegu hadi robo tatu, weka kipima unyevu juu yake, funga, acha usiku kucha chumbani. Asubuhi soma bila kufungua. Hewa iliyofungiwa imeshalingana na mbegu, kwa hiyo unachosoma ni hali ya mbegu yenyewe:

- Juu ya 65: ukungu uko njiani. Rudi hatua ya 3.
- 50 hadi 65: inafaa kwa miezi michache tu.
- 30 hadi 50: sawa kwa fungu la kupanda.
- Chini ya 30: inaweza kukaa miaka kadhaa hata bila friza, mahali pakiwa na ubaridi.
- Karibu na 15: tayari kwa friza.

Benki za mbegu hukausha kwenye chumba cha nyuzi 15 na unyevu wa hewa wa asilimia 15, ndiyo asili ya namba hiyo ya mwisho. Vipima vya bei nafuu haviaminiki chini ya 20. Chako kikigota hapo au kikiacha kuonyesha namba, na silika mpya ikakaa siku kadhaa bila kugeuka, umefika.

## Hatua ya 7: Funga na uandike

Kabla ya kuiamini chupa, ijaribu. Weka silika kavu peke yake ndani, funga, izamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Rangi ikibadilika, chupa hiyo iwe ya asali.

Jaza mbegu karibu hadi juu, hewa ibaki kidogo. Acha kijifuko kidogo cha silika kinachoonekana kupitia glasi. Ndicho kitakachokuambia siku mpira wa mfuniko utakapochoka. Mfuko wa nailoni hata ukifungwa mara tatu unapitisha unyevu, usiutumie kwa akiba.

Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, uitie NDANI: jina la nyasi, kijiji na alama za GPS, tarehe ya kuchuma, idadi ya mashina, asilimia ya zenye punje, kipimo cha unyevu. Nakala nyingine bandika nje. Wino unafifia na lebo za nje hubanduka kwenye friza. Mbegu isiyojulikana ilikotoka haina kazi kubwa kwenye uhifadhi.

Gawa kwenye chupa ndogo kadhaa kuliko moja kubwa, ili ukihitaji kidogo usifungue yote.

## Hatua ya 8: Baridi

Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri, joto lilelile benki kubwa za mbegu hutumia. Weka chupa chini kabisa, mbali na nyama na mlango.

Usitangulize baridi kabla ya ukavu. Mbegu yenye maji ikiganda, barafu inapasua chembe zake na hiyo haiamki tena.

Umeme ukikatika siku mbili usiogope. Mbegu kavu iliyofungwa vizuri haiumii kwa kupata joto kidogo kisha kupoa tena. Kinachoiua ni unyevu kuingia. Asiye na friza aweke chupa kwenye chumba cha matofali ya udongo au shimo lililojengewa, mbali na bati na jiko.

Kwa mkusanyiko wa thamani, tafuta pia mahali pa pili. Tanzania ina benki ya taifa ya nasaba za mimea Arusha, na Kenya inayo Muguga. Ulizia utaratibu wao kabla ya kuchuma, kwani kila benki ina fomu zake na kiasi chake cha chini.

## Hatua ya 9: Jaribu uotaji, kisha fungua wembe tena

Panga mbegu 100, mafungu manne ya 25, juu ya taulo za karatasi zilizoloa bila kuogelea. Funika, weka penye joto la nyuzi 25 hadi 30, hesabu hadi siku ya 21.

Zisizoota usitupe. Kata kila moja:

- Maganda matupu: haikuwa mbegu tangu mwanzo.
- Punje ngumu, nyeupe: hai, imelala.
- Laini, ya kijivu, inatoa maji: imekufa.

Hapo tu ndipo unajua pa kurekebisha. Tupu nyingi, rekebisha hatua ya 1. Waliolala wengi, ongeza muda chumbani. Waliokufa wengi, ukaushaji wako ndio wenye kasoro.

Kama huwezi kusubiri waliolala waamke, toa punje ya Cenchrus kwenye kishungi chake kwa uangalifu, au lowesha karatasi kwa maji yenye potasiamu naitreti gramu 2 kwa lita. Themeda huitikia maji yaliyopitishwa moshi wa nyasi kavu, jambo lisiloshangaza kwa nyasi iliyozoea moto wa mbuga. Hizi ni mbinu za jaribio. Shambani subira ni nafuu zaidi.

## Hatua ya 10: Kutoa na kurudia

Chupa ikitoka friza, iache imefungwa chumbani mpaka kesho yake. Ukiifungua ikiwa ya baridi, umande unatua moja kwa moja kwenye mbegu, na kazi yote ya silika imepotea kwa dakika tano.

Toa unachohitaji, funga haraka, badilisha silika, pima tena. Mbegu zilizoingia friza zikiwa bado zimelala zipe miezi yao ya kuamka kwenye joto la kawaida kabla ya kupanda. Shambani zisizikwe zaidi ya sentimita moja au mbili. Punje hizi ni ndogo na hazina nguvu ya kutoboa udongo mzito.

Akiba ya friza ijaribu kila baada ya miaka mitano hadi kumi. Uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 ya ule wa jaribio zuri la kwanza, mfano kutoka 80 hadi chini ya 68, panda fungu lote mapema kwenye kipande kilichozungushiwa uzio, mbali na nyasi nyingine za aina ileile, uchume upya. Chukua tena kutoka mashina mengi, na lebo mpya ibaki na jina la kijiji cha kwanza.